Jumamosi za Mzee Phineas Silas Mabruki na Sheikhan wa Junda

Mzee Phineas Silas Mabruki alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Mei 1950, hapa Frere Town, Kisauni, majirani wakiwa ibadani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Silas Mabruki, seremala, na mkewe Edith. Babu wa babu yake aliletwa hapa katika miaka ya mwanzo ya misheni, mtoto mdogo aliyekombolewa utumwani, asiyejua jina la kijiji chao wala la mama aliyemzaa. Aliandikwa Mabruki kwa sababu karani mwenye kitabu alihitaji kuandika kitu. Marehemu alipenda kusema kwamba ukoo wake unaanzia kwenye mstari huo wa kitabu, na juu ya mstari huo karatasi ni nyeupe. Alisema hivyo akicheka. Lakini waliomjua walitambua kwamba weupe ule ulimkaa moyoni, na kwamba msimamo alioushikilia kwa nusu ya maisha yake juu ya katiba ya nchi hii ulitoka hapo.

Kwa desturi, wasifu humalizika kwa majina ya wale ambao marehemu amewaacha, na huu nao utamalizika hivyo. Ni haki wasikilizaji wajue mapema kwamba kwa siku nne nyumba ya marehemu imevutana juu ya jina moja, kama liingie katika orodha hiyo au lisiingie. Jina lenyewe ni Sheikhan Tumu, muuza makuti wa Junda. Si ndugu wa marehemu, si mkwe, hawakusali pamoja, na katika jambo kubwa walilolizungumza hawakukubaliana hata siku moja. Aliyepinga zaidi jina hilo kuandikwa ni binti wa kwanza wa marehemu, Lynnette, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya na ndiye anayeyasoma.

Marehemu alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya misheni hapa Frere Town, kisha akaendelea na shule ya upili kisiwani, akamaliza kidato cha nne mwaka 1968. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu aliwaagiza watoto waende nyumbani wakaulize kwao ni wapi, kila mmoja arudi na jina la mahali. Wenzake walirudi na Rabai, Kaloleni, Wundanyi, Siyu. Phineas alirudi na Kengeleni, yaani pale penye kengele ya misheni, mwendo wa dakika nne kutoka darasani. Darasa liliangua kicheko, na mwalimu akamtuma akaulize tena. Aliuliza tena. Baba yake aliweka randa chini, akamwambia, "Mwambie mwalimu wako ni Kengeleni, na kama haamini aje nimwonyeshe."

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne hadi alipostaafu Mei 2005. Alijua Kiingereza, Kigiriama, Kidigo na Kitaita, na Kiswahili alikijua mtaa kwa mtaa, akaweza kutambua mtu wa Likoni na mtu wa Changamwe kwa salamu tu. Mkalimani wa mahakama ana sharti moja ambalo watu wa nje hawalijui. Hasemi, "Huyu anasema ameibiwa." Husema, "Nimeibiwa." Kwa miaka yote hiyo marehemu alisimama kando ya watu wasiomhusu, akasema "mimi" kwa niaba yao, akaungama makosa ambayo hakuyatenda na kulilia mali ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mkewe alizoea kusema kwamba ameolewa na mtu awezaye kuwa mwizi asubuhi, mwenye kuku adhuhuri, na askari kabla ya saa kumi.

Mke huyo ni Pascalia Mkamburi, mwalimu wa chekechea, binti wa Bura, Taita. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1979, katika kanisa la hapa Frere Town, na Mungu akawajalia watoto watatu: Lynnette, Silas na Caroline. Pascalia alikuwa Mkatoliki. Walikubaliana watoto wabatizwe kwa baba na wafundishwe sala na mama, na jambo kubwa kama hilo likamalizwa kwa kikombe kimoja cha chai. Nyumbani marehemu hakuwa mtu wa mabishano. Aliyetoa wazo mezani aliambiwa, "Umesema vizuri," na bakuli la mchicha likapitishwa.

Mabishano yake yalikuwa ya mtu mwingine. Mwaka 1986, Sheikhan Tumu alifika mahakamani kutoa ushahidi juu ya mpaka wa shamba la jirani yake. Alizungumza Kimvita cha kwao, taratibu, na marehemu akayatia maneno yake katika Kiingereza ili hakimu asikie. Sheikhan, ambaye Kiingereza alikielewa kuliko alivyoonyesha, aliinua mkono.

"Mheshimiwa, huyu bwana ameyasema maneno yangu kuliko nilivyoyasema mimi."

"Amekosea?" hakimu akauliza.

"Hakukosea. Ameyapamba. Mimi nataka yangu, vivi hivi yalivyo mabaya."

Mahakama nzima ilicheka isipokuwa marehemu. Wakati wa mapumziko alimfuata Sheikhan nje, akamtaka amwonyeshe neno gani hasa lililopambwa. Walisimama hapo juani mpaka kesi nyingine ikaitwa. Hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kubishana, na marehemu alirudi nyumbani siku hiyo, kama asimuliavyo Pascalia, amechangamka kama mtu aliyepata barua.

Mwaka 1992, vyama vingi vikiwa vimerudi na habari za majimbo zikianza kusikika tena Pwani, Sheikhan alikuja Frere Town Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri kumuuliza rafiki yake wa mahakamani ana maoni gani. Alikaa mpaka karibu na magharibi. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Akaja kwa miaka thelathini na mitatu.

Sheikhan alitaka majimbo yenye nguvu za kweli, yenye kutunga sheria zake na kusimamia ardhi yake. "Bandari iko mlangoni pangu na funguo ziko Nairobi," alisema. "Asiyeijua hata ndia ya kufika kwangu atanitawalaje?" Marehemu alitaka serikali moja, kubwa, iliyo mbali. Watu walishangaa Mpwani wa asili kutaka hivyo, lakini yeye alijua alichokiogopa.

"Wewe u mwenyeji kuliko mimi, Mabruki," Sheikhan alimwambia mara nyingi. "Babu yangu mimi alitoka Siyu akaja kuoa, akasahau kurudi."

"Leo wasema wewe. Jimbo likishapata wakubwa wake, atakayeshika kalamu hatakuwa wewe. Ataniuliza kwetu ni wapi."

"Na hiyo kalamu ikikaa Nairobi itakujua?"

"Haitanijua. Ndiyo raha yake. Asiyenijua hana sababu ya kunifukuza."

Marehemu aliweka sharti alilolitoa kazini: hakuna ruhusa ya kujibu hoja ya mwenzako kabla hujairudisha, tena kwa "mimi," mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Basi aliyepita nje ya ua wetu Jumamosi angemsikia marehemu, mzee wa kanisa, akilalamika kwamba funguo za bandari yake ziko Nairobi, na muuza makuti wa Junda akiuliza kwa uchungu, "Mimi sina kwetu ila hapa. Mkiigawa nchi hii kwa wenyeji, mtaniandika wapi?" Wageni walidhani wazee hawa wamebadilishana akili.

Mwaka 1997, fujo zilipotokea Likoni na watu wa kutoka bara wakahama na magodoro vichwani, Jumamosi mbili zilipita bila wao kuonana. Ya tatu Sheikhan alikuja, akavua viatu, akaketi. "Leo sema wewe peke yako," akamwambia. "Mimi sijibu." Marehemu alisema kwa saa nzima juu ya mtu asiye na pa kurudi. Sheikhan alisikiliza hadi mwisho, akaaga. Baadaye marehemu alisema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpa heshima kubwa kama ile.

Si wote nyumbani waliofurahia Jumamosi hizo. Pascalia alikuwa akiweka buli la kahawa mbele ya Sheikhan na kumwambia, "Haya mke mwenza, mume wako huyo. Mke mwenza wangu ana ndevu, wala sijasikia mwingine mwenye mke mwenza wa namna hiyo."

"Ahsante, bi mkubwa," Sheikhan alijibu. "Jumapili asubuhi nitakurudishia, akiwa mzima."

Walicheka wote wawili, lakini Pascalia aliondoka na sinia kwa haraka, na jikoni vyombo vilisikika.

Lynnette naye alikwenda chuo kikuu mwaka 1999 akasoma historia na sayansi ya siasa, na si siri tena kwamba aliyachagua masomo hayo kwa sababu ya Jumamosi hizo. Mnamo Novemba 2005, siku chache kabla ya kura ya maoni, alimletea baba yake kurasa kumi na moja alizoziandika juu ya nchi zinazogawana madaraka kati ya serikali ya katikati na majimbo. Zilikuwa zinampinga. Alimsomea asubuhi, baba akiwa ameweka mikono magotini. Alipomaliza, marehemu alisema, "Umesema vizuri sana, mwanangu," akazikunja kurasa zile akazitia katikati ya kitabu cha nyimbo.

Alasiri hiyo Sheikhan alifika na chungwa mfukoni. Wengi watakumbuka kwamba katika kura ile ya tarehe 21 Novemba 2005 alama ya ndiyo ilikuwa ndizi na alama ya hapana ilikuwa chungwa. Rasimu iliacha nguvu nyingi katikati. Kwa hiyo marehemu alikuwa ndizi, na Sheikhan chungwa. Marehemu alikuwa ameandaa ndizi tupu sahanini.

"Ndizi huoza upesi, Mabruki. Kesho kutwa itakuwa nyeusi."

"Na chungwa lako limejaa kokwa. Kila kokwa itataka jimbo lake na bendera yake."

"Heri kokwa. Kokwa huota. Ndizi ulishawahi kuona ina mbegu? Inamngoja mtu wa Nairobi aje akupandie."

Marehemu alisimama kwa ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake, akaanza kujibu kabla hata ya kurudisha, jambo ambalo lilikuwa mwiko. Lynnette aliyaona hayo akiwa mlangoni. Kiti hakikuwahi kuanguka kwa ajili yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na kuliko sifa zote alizopewa shuleni alitamani baba yake amwambie kwamba amekosea.

Lakini wivu mkubwa kuliko wote ulimshika Sheikhan mwenyewe, na ulitokea hivi. Jumamosi, tarehe 10 Julai 2010, vijana wa Junda waliitisha mkutano uwanjani ili wakazi wazisikie pande mbili za rasimu mpya kabla ya kura ya tarehe 4 Agosti. Kijani ilikuwa ndiyo, nyekundu hapana. Sheikhan angesemea kijani: kaunti arobaini na saba si majimbo aliyoyaota, lakini ni mwanzo. Marehemu angesemea nyekundu: kila kaunti itapata wenyewe, na wasio wenyewe watajulikana. Watu walijaa kana kwamba ni mpira. Kumbe mafua yalikuwa yamemkausha Sheikhan sauti, hata shikamoo za watoto aliziitikia kwa kichwa. Vijana walitaka kuahirisha. Marehemu akasema haifai kuwarudisha watu waliokwisha kufika. Atazisema zote mbili mwenyewe, na Sheikhan akaitikia kwa kichwa vilevile.

Alisema yake kwanza, akapigiwa makofi ya adabu. Kisha akahama, akasimama upande wa Sheikhan, akafanya kama alivyofanya miaka yote mahakamani.

"Mimi ni muuza makuti wa hapa Junda," akaanza. "Nusu ya mapaa mnayoyaona nimeezeka mimi. Mwanangu akitaka cheti, anaambiwa asubiri, faili liko Nairobi. Shamba likiwa na ugomvi, faili liko Nairobi. Nimezeeka, jamaa zangu, na faili hilo sijaliona lina rangi gani. Naogopa siku nitakayolazwa kaburini, nikaulizwa nilifanya nini duniani, nami nijibu: subirini kidogo, jibu liko Nairobi."

Uwanja ulicheka, naye akaendelea kwa robo saa. Wazee waliitikia, "Wallahi kweli." Kina mama walipiga vigelegele. Bi Kafedha, muuza mahamri, alisimama akapaza sauti, "Huyo ndiye Sheikhan! Yule mwingine aende akanywe tangawizi!"

Watu walicheka wakamgeukia Sheikhan, aliyekuwa ameketi na shali shingoni. Aliinuka, akatikisa kanzu, akaondoka kwa miguu bila kuaga.

Siku ya kura marehemu alitia alama kwenye nyekundu. Mwanawe Silas alimuuliza ilikuwaje, baada ya kuwavuta watu wote wale kwenye kijani. Akajibu, "Yale yalikuwa ya Sheikhan. Kura ni yangu."

Sheikhan hakukanyaga Frere Town kwa miezi saba. Alituma neno moja kupitia kwa wauza makuti wenzake: "Nilimpa maneno yangu ayarudishe, sikumpa ayachukue." Marehemu aliumia. Alipunguza kula, akawa anabishana na redio, na redio haikumridhisha kwa kuwa haikuweza kukiri kwamba ndivyo ilivyosema. Kisha akapata habari kwamba Jumamosi hizi Sheikhan hukaa Bombolulu, kwa kinyozi mmoja aitwaye Rama, wakizungumza siasa. Habari hiyo ndiyo iliyomvunja kabisa. "Rama!" alisema mezani, sahani haijaguswa. "Rama anajua nini?"

Marehemu alianza kwenda kunyolewa Bombolulu. Kipara alikuwa nacho tangu mwaka 1990. Mara tatu alikwenda akamkosa Sheikhan, akanyolewa ndevu ambazo hazikuwapo, akarudi. Mara ya nne alimkuta, naye akaketi kwenye kiti cha kinyozi akafunikwa kitambaa, wote wawili wakijifanya hawajuani.

"Kwa hiyo mzee," Rama alimwambia Sheikhan huku akipaka povu, "wewe unataka kila mtu ale kwake."

"Mimi sikusema hivyo. Hata kurudisha hujui!"

Kutoka chini ya kitambaa, povu likiwa mashavuni, marehemu alisema, "Mimi nasema, mpishi akae karibu na wanaokula, apate kuwasikia wakilalamika chumvi."

Sheikhan aligeukia kiti cha kinyozi.

"Nani kakuuliza wewe?" Sheikhan akasema.

"Nimekosea?"

"Hukukosea. Ndiyo shida yako."

Jumamosi iliyofuata, baada ya alasiri, Pascalia alisikia viatu vikivuliwa barazani, akaweka buli jikoni.

Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, kila mmoja akawa mkusanyaji wa ushahidi. Habari njema ya kaunti yoyote nchini, Sheikhan aliikata gazetini kwa mkasi akaileta. Mbaya, marehemu aliipigia mstari akaingoja Jumamosi. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na hakuna aliyeonekana kutaka kumaliza.

Marehemu aligunduliwa ugonjwa wa figo Juni 2023. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akavumilia bila manung'uniko, akiwashukuru wauguzi kwa majina yao. Caroline aliacha shughuli zake akawa anampeleka na kumrudisha, familia inamshukuru. Sharti pekee marehemu aliloliweka ni kwamba matibabu yasiangukie Jumamosi. Mwezi Septemba mwaka huu alizidiwa, akalazwa hospitalini. Jumamosi, tarehe 4 Oktoba, Sheikhan alikaa naye saa zote mbili za kutazama wagonjwa, na Lynnette, aliyekuwa amesafiri usiku kucha kutoka Nairobi anakofanya kazi, alisubiri kwenye benchi ukumbini, akizisikia sauti zao bila kuyapata maneno.

Siku iliyofuata, Jumapili, zamu ilikuwa yake. Alimlisha uji, akamfuta mdomo, kisha akamuuliza jambo ambalo alikuwa nalo kwa miaka ishirini.

"Baba, mbona mimi hukunibishia hata siku moja?"

Marehemu alifikiri. "Sheikhan akikasirika huenda kwake Junda, moyo ukapoa, akarudi. Wewe ukikasirika ungekwenda wapi? Nyumba ni moja. Yeye ana mlango wake na mimi nina wangu, ndiyo maana tumeweza."

"Baba, hiyo si hoja ya majimbo?"

Marehemu alijiinua kwa kiwiko.

"Umekosea, Lynnette."

"Nimekosea wapi?"

"Yeye alikuwa na mlango wake, sawa. Barabara ya kutoka Junda hadi kwangu, je? Haikuwa yake, haikuwa yangu. Nani aliyeiangalia?"

"Kaunti."

"Kaunti gani mwaka tisini na mbili?"

Waliendelea hivyo. Marehemu alipiga godoro kwa kiganja. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliomba apewe nafasi naye aseme lake. Muuguzi alikuja mara mbili kuwaambia muda umekwisha, na mara ya pili marehemu akasema, "Dada, ngoja kidogo, huyu ananidanganya." Haikufika saa moja. Lynnette alikuwa akikusanya bakuli na kijiko alipoambiwa la mwisho.

"Sheikhan mumwandike. Kwenye wale niliowaacha."

"Sheikhan si wa kwetu, baba."

"Hilo tutabishana kesho."

Kesho yake, Jumatatu, hakuweza kusema. Mzee Phineas Silas Mabruki alifariki dunia Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Alhamisi Sheikhan alikuja matangani na vijana wa Junda wamebeba makuti, wakaezeka kibanda mnachokiona pale uani ili waombolezaji wapate kivuli. Kazi ilipokwisha alinawa mikono, akawasogelea wafiwa waliokuwa mkekani. Lynnette alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mungu awape subira." Kisha akasema, "Nimekuja na swali, wala silionei haya. Kwenye hiyo karatasi yenu ya mazishi, mimi niko wapi?"

Mzee Jacktone, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alijibu kwa upole. "Mzee wangu, orodha ile ni ya damu na ndoa. Marafiki tunawashukuru nyuma ya karatasi, pamoja na majirani wote."

"Mimi sikuwa rafiki yake. Marafiki anao kanisa zima. Kuna hata mmoja aliyembishia?"

"Basi wataka uandikwe ndugu?" Sauti ya Jacktone ilianza kupanda. "Ndugu yake ni mimi. Miaka sabini. Wewe ulimkuta mtu mzima, ana masharubu."

"Sikusema ndugu."

"Jumamosi zote ulichukua wewe," Pascalia alisema kutoka pembeni, bila kuinua uso. "Sasa wataka na karatasi?"

"Nataka, bi mkubwa." Mzee huyo, ambaye ana miaka sabini na minane, alibaki amesimama mbele yao kama mtu mbele ya hakimu. "Mimi nikifa, kwetu watawaandika wanangu. Nani ataandika kwamba nilimpinga Phineas?"

Alikaa kidogo, akaaga, akaenda kuswali. Mzee Jacktone aliamua jina lisiandikwe. Pascalia alisema atakalo Lynnette ndilo liwe, maana kalamu iko kwake. Na Lynnette alitaka lisiandikwe. Ni vyema lisemwe hivi lilivyo mbele ya marehemu: yeye alipata pungufu ya saa moja, na mwenzake alipata miaka thelathini na mitatu, na moyo wake haujapoa juu ya hilo hata sasa anaposoma.

Lakini karatasi ilipotakiwa na mpiga chapa jana asubuhi, ilimdhihirikia kwamba mabishano yale ya Jumapili hayakumalizika. Baba yake alisema jina liwepo, yeye akasema lisiwepo, na wakaagana hadi kesho. Kuliacha nje kungekuwa kujitwalia ushindi juu ya mtu ambaye hawezi tena kujibu, na baba yake asingeuita huo ushindi. Jina limeandikwa. Aliyeliandika bado hajakubali.

Marehemu ameacha mjane, Pascalia Mkamburi, watoto, Lynnette, Silas na Caroline, wajukuu watano, ndugu yake, Jacktone Mabruki, na dada yake, Gladys, na Sheikhan Tumu wa Junda, mpinzani wake.

Mungu ampumzishe, na atuvumilie sisi tuliomtaka marehemu, kila mmoja awe wake peke yake.